Maji yameingia kwenye kifaa cha kupimia: soma dalili kwanza, oringi utabadili baadaye

Umetoa loga majini, yaani kifaa kinachopima na kujiandikia data chenyewe, unaitikisa karibu na sikio, unasikia maji yanacheza ndani. Moyo unashuka. Hapo karibu kila mtu anafanya kitu kilekile, anafungua harakaharaka, anamwaga maji, anafuta kila kona kwa kitambaa, anatupia oringi mpya, ile pete ya mpira inayoziba mfuniko, na kifaa kinarudi majini, alafu wiki ijayo maji yapo tena. Mi nimefanya hivyo zaidi ya mara moja kwahiyo simcheki mtu. Shida ni kwamba ukishafuta umefuta na ushahidi, maana maji yakiingia yanaacha njia yake, chumvi inakauka hapo yalipopita, grisi inabaki na michirizi, kutu inaanzia upande mmoja, na hivyo vitu ndo vinakwambia tatizo lilipo. Oringi yenyewe mara nyingi haina kosa, wa kulaumiwa ni mkono uliofunga mara ya mwisho.

Kwahiyo kabla ya kufuta chochote piga picha. Picha nyingi, za karibu, mfuniko, mfereji inamokaa oringi, oringi ikiwa bado imekaa mahali pake, na ndani ya kasha.

KABLA HUJAFUNGUA

Hapa naomba usiruke. Kifaa kilichoingiza maji kinaweza kuwa na presha ndani hata kama kimetulia tu mezani. Kikiwa chini kabisa maji yanajisukuma ndani na kuibana hewa iliyokuwemo, alafu ukikivuta juu ule mwanya unajiziba na presha ya huko chini inabaki imefungiwa. Njia nyingine ni betri, maji ya chumvi yakizifikia zinaanza kutoa gesi, hidrojeni ikiwemo, ambayo inashika moto kirahisi, na zikiwa za lithiamu ndo balaa zaidi. Mfuniko unaweza kuchomoka kama risasi.

Usiweke uso wala kifua mbele ya mfuniko, uelekeze pasipo na mtu, na sigara iwe mbali. Kama kuna vali ya kutolea presha anza na hiyo. Kama ni skrubu, usitoe hata moja moja kwa moja, legeza kila moja nusu mzunguko, zungukia zote, subiri, rudia, mpaka usikie psss au uone mfuniko wenyewe umelegea. Kifaa ukikigusa ni cha moto, au kimevimba, achana nacho, kiweke nje mbali na watu na vitu vinavyoungua.

Kama kiko salama, kisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, kikaushe vizuri hasa pale kwenye ufa wa mfuniko, alafu kifungue huku mfuniko umeelekea chini, ili tone lililojificha kwenye ule ufa lidondoke nje. Ukifungua ukiwa umekisimamisha, lile tone linaingia ndani alafu unaanza kutafuta uvujaji ambao umeusababisha mwenyewe sekunde mbili zilizopita.

NI MAJI YALIYOVUJA AU NI JASHO TU?

Ukungu kwenye kioo au vitone vidogo vidogo ukutani mwa kasha mara nyingi sio uvujaji. Ulifunga kifaa ukiwa sehemu yenye joto na unyevu, ile hewa ikafungiwa ndani, kifaa kikaingia kwenye maji ya baridi, unyevu ukageuka vitone kwenye kuta. Sasa hapa kuna hesabu ndogo inayoniokoa kila siku: hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba unyevu inabeba kama gramu 30 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Lita moja ya hewa basi ina gramu 0.03 tu, haifiki hata tone moja zima. Kwahiyo ukikuta kijiko cha chai cha maji ndani ya kifaa ambacho nafasi yake ya hewa haifiki lita, usijidanganye kwamba ni jasho, hayo yametoka nje.

Ndo maana nashauri uwe na mzani mdogo unaosoma mpaka gramu 0.1. Pima kifaa kikavu kabla hakijaenda majini, andika, kikirudi kisuuze, kikaushe, pima tena kabla ya kufungua. Kikiongezeka gramu mbili una jibu na wala hujagusa skrubu. Angalia tu kisiwe na uchafu au viumbe vilivyojishikiza nje, navyo vina uzito wake.

Kama bado una wasiwasi, chukua tone la hayo maji uliweke juu ya kipande cha kioo likauke. Likiacha unga mweupe au vichembe vinavyong'aa, ni maji ya bahari. Jasho linakauka haliachi kitu. Usionje kwa ulimi jamani, najua watu wanaonja, lakini hayo maji yameshapita kwenye betri.

Dawa ya jasho ni kufunga kifaa sehemu kavu na kuweka silika jeli mpya ndani, vile vipunje vinavyonyonya unyevu. Ile ya bluu ikigeuka pinki imeshashiba, ikaushe kwenye oveni ndo uirudishe. Pakiti iliyokaa wazi kwenye droo miezi mitatu haikusaidii chochote, ni pambo.

INAVUJA MAJI YAKIWA MAFUPI, IKIENDA CHINI HAIVUJI

Hii ndo inachanganya watu kuliko zote. Unakuta kifaa kilishawahi kushuka mita 100 salama, leo kimekaa mita moja na nusu kinaingiza maji. Watu wanasema haiwezekani. Inawezekana sana, na sababu iko kwenye jinsi oringi inavyofanya kazi: kinachoziba ni ule mpira kubanwa kati ya pande mbili, na presha ya maji ikipanda inaisukuma oringi ijibane zaidi kwenye ukuta wa mfereji. Yaani maji yenyewe yanasaidia kuziba. Karibu na juu huo msaada haupo, kila mita 10 ni kama bar moja tu (bar ni kipimo cha presha), kwahiyo kwenye mita moja oringi inategemea unene na ulaini wake basi. Unywele mmoja ukilala juu yake unatosha kuwa njia ya maji.

Kwahiyo ukiona dalili hii tafuta vitu vitatu. Kwanza uchafu: unywele, uzi wa kitambaa, chembe ya mchanga, punje ya chumvi iliyokauka. Pili oringi iliyochoka ikawa bapa. Tatu oringi nyembamba kuliko inayotakiwa, nakuja huko.

Alafu kuna jua. Kifaa kimekaa juani kikawa na nyuzi 50 ndani, ukakifunga kikiwa cha moto hivyohivyo, au kilikuwa kimefungwa lakini hewa ikajipenyeza nje kidogo baada ya kutanuka, alafu kinatumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 25. Hewa ndani inasinyaa, presha inashuka kama asilimia 8, na kifaa kinaanza kunyonya maji kikiwa palepale juu ambapo oringi ina nguvu kidogo kabisa. Funga kifaa kikiwa cha baridi, kikae kivulini mpaka dakika ya kushushwa. Hata kukifunika na taulo lililolowa inasaidia.

INAVUJA KINA KIKIWA KIREFU TU

Hapa mambo ni ya nguvu sasa. Chukua mfuniko wa kipenyo cha sentimita 10 kwenye mita 200: presha ni kama bar 20, na uzito unaokandamiza huo mfuniko unapita tani 1.5. Kasha la plastiki linapinda, uwazi kati ya mfuniko na mwili unabadilika, na oringi laini inaanza kusukumwa iingie kwenye huo uwazi. Ukiitoa utaona ukingo wa upande mmoja umetafunwatafunwa kama panya kapita. Ukiona meno ya namna hiyo, kuweka oringi mpya ya aina ileile ni kununua wiki mbili. Ama uwazi umekuwa mkubwa (mfuniko umechakaa, skrubu hazibani sawa), ama unahitaji mpira mgumu zaidi, ile ya kawaida ina ugumu wa 70 kwenye kipimo cha Shore A na ipo ya 90, ama unahitaji ile pete ngumu ya kuegemea inayokaa nyuma ya oringi. Na soma kina kilichoandikwa kwenye kifaa chako, kuna watu wanatafuta uvujaji kwenye kifaa cha mita 50 walichokishusha 80.

Na tafadhali, kukaza skrubu kwa nguvu zaidi hakuongezi kitu. Mfuniko ukishagusana na mwili, oringi imebanwa kiasi ilichopangiwa, zaidi ya hapo unakata nyuzi za skrubu au unapasua plastiki. Kaza kwa kuvuka, hii alafu ya upande wa pili, kidogo kidogo.

ORINGI INASEMA NINI

Itoe bila chuma. Bisibisi na sindano ndo zinazochora ile mikwaruzo tunayokuja kuilaumu baadaye. Ibane kwa vidole pande mbili iinuke katikati, au tumia kijiti cha mbao. Alafu ipitishe taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, macho ukiwa umefumba kama unaweza, kidole kinasikia chembe ambayo jicho halioni.

Ikiwa bapa, upande mmoja umelala kama herufi D, imechoka, hairudi tena. Pima kwa kalipa. Mfano oringi ya unene wa 3.53 mm kwenye mfereji wa kina cha 2.7 mm inabanwa milimita 0.83, safi kabisa. Ikishakuwa bapa ikabaki na 2.9, kinachobanwa ni 0.2 tu. Ukiiangalia kwa macho utasema nzima, haina mkato wala ufa, kumbe imekwisha.

Ikiwa na nyufa ndogo ndogo ukiivuta, ni jua na ozoni, hasa kwa mpira wa nitraili ambao hauvumilii kuachwa nje. Ikiwa na alama inayozunguka kama kamba iliyosokotwa, ilijiviringisha wakati mfuniko unaingia, kwahiyo ilikuwa kavu au mfuniko ulisukumwa kwa pupa.

Ikiwa imevimba, imelegea, imekuwa ndefu kuliko mfereji wake mpaka haikai, hiyo ni grisi isiyo yake. Mpira wa EPDM ukiupaka grisi ya petroli au yale mafuta ya mgando unavimba. Mpira wa silikoni ukiupaka grisi ya silikoni nao unavimba, watu wanashangaa lakini ndo hivyo, vinafanana mno. Nitraili inaelewana na grisi ya silikoni vizuri. Kama hujui oringi yako ni mpira gani, angalia kwenye maelekezo ya kifaa, maana karibu zote ni nyeusi na rangi haikwambii kitu.

Kuhusu kiasi cha grisi: ing'ae tu. Ukiona mabonge meupe umezidisha. Grisi haizibi maji, kazi yake ni kuifanya oringi iteleze ikae sawa na isikauke, na ikizidi inakamata mchanga na nyuzi za kitambaa kama ulimbo.

Sasa zile nyembamba. Kuna oringi za vipimo vya inchi na za milimita, na zimekaribiana kiasi kwamba kwenye kopo moja huwezi kuzitofautisha. Ya 2.62 na ya 2.5, ya 1.78 na ya 1.5. Kwenye mfereji wa kina cha 2.0 mm ile ya 2.62 inabanwa 0.62 na ya 2.5 inabanwa 0.5, unaona umepoteza karibu moja ya tano na kifaa kinafungika vizuri tu kwa mkono. Kuvuja kitavuja kikishafika majini.

MFEREJI NA USO WA MFUNIKO

Safisha kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Pamba za masikio hapana, zinaacha nyuzi zilezile unazozitafuta. Ila kama kasha ni la akriliki, ile plastiki inayopitisha mwanga kama kioo, spiriti usiiguse, inaliletea vijinyufa, tumia maji ya sabuni kidogo.

Alafu pitisha ukucha. Mkwaruzo unaofuata mzunguko wa oringi mara nyingi hauna neno, oringi inakaa juu yake. Ule unaokatiza, kutoka nje kwenda ndani, huo ni barabara ya maji, hata uwe mwembamba kama unywele. Ukucha ukikwama hapo usijidanganye na grisi.

Kwenye alumini angalia unga mweupe na vishimo. Skrubu za stenlesi zikigusana na alumini kwenye maji ya chumvi, alumini ndo inaliwa, na inaanzia pale rangi ya juu ilipobanduka. Na stenlesi yenyewe sio takatifu, kwenye ufa mwembamba ambapo maji hayatembei, kama chini ya oringi, inapata vishimo wakati nje inang'aa kama sahani mpya. Kishimo kikishafika kwenye njia ya oringi ni kazi ya fundi wa mashine kukwangua uso upya, au mfuniko mpya.

ORINGI YA MFUNIKO IKO SAFI LAKINI MAJI YANAINGIA

Kuna sensa moja ya presha ilinitoa jasho. Nimebadili oringi ya mfuniko mara tatu, mara ya tatu nimeifunga kwa mikono niliyoinawa kama nakwenda kupasua mtu, maji yameingia. Ndo nikatoa elektroniki zote na betri, nikaweka ndani vipande vya tishu nimevichora mistari kwa kalamu ya wino unaoyeyuka kwa maji, kila kona kipande chake, nikafunga, nikakizamisha kwenye ndoo usiku kucha na jiwe juu. Asubuhi tishu zote kavu, ila moja, ya chini kwenye kona, mistari imekuwa wingu la bluu. Juu yake kuna kiskrubu cha kutolea hewa, na ndani ya hicho kiskrubu kuna kioringi cha milimita chache ambacho sikuwahi kujua kama kipo. Kilikuwa kimekauka kama ganda la maharage.

Kwahiyo hesabu oringi zote kwenye kifaa. Mfuniko, kiskrubu cha hewa, kila sensa inapotokea, kila konekta, yaani pale waya unapochomekwa.

Konekta ndo mtuhumiwa wa pili. Pini zikiwa na kijani, maji yameshafika. Kifuniko bandia kisipowekwa pale ambapo waya haukuunganishwa, pini zinaliwa. Na waya wenyewe: ganda likitoboka, hata mita tano kutoka kwenye kifaa, maji yanatambaa ndani ya waya kati ya nyuzi za shaba mpaka yanaingia kwenye kasha kwa nyuma ya konekta, na wewe unaendelea kuilaumu oringi. Kunja waya taratibu urefu wote uangalie ufa. Na kama kifaa kina kipande cha zinki cha kuzuia kutu, kagua pale mpira wa konekta unaposhikana na chuma, kwa sababu ule umeme mdogo unaokinga chuma unaweza kuubandua mpira taratibu. Ukisukuma kwa ukucha ukaona unainuka, konekta hiyo imekwisha.

HAMNA MAJI YANAYOONEKANA ILA DATA HAZIELEWEKI

Betri inakwisha wiki mbili badala ya miezi sita, au namba zinaruka alafu zinatulia zenyewe. Inaweza kuwa filamu nyembamba ya unyevu wenye chumvi juu ya saketi, umeme unavujia hapo. Kwenye sensa za usawa wa maji zenye kijibomba cha hewa ndani ya waya, kagua kile kikasha cha kukausha hewa kule juu. Kikishiba au kijibomba kikaingiwa na tone, sensa haipati tena presha ya anga na usawa wa maji unaonekana kupanda na kushuka kila hali ya hewa ikibadilika.

KUJARIBU KABLA YA KURUDISHA

Kama kifaa kina tundu la kutolea hewa, pampu ndogo ya mkono yenye geji inatosha. Nyonya mpaka ndani ibaki kama bar 0.7, funga, subiri nusu saa. Kabla hujapiga kelele kwamba inavuja kumbuka joto: kwenye presha hiyo kila nyuzi moja ikipanda geji inasogea kama milibar 2.4 bila uvujaji wowote. Uliyekishika mikononi dakika tano umeshakipasha. Kiache mezani kitulie, soma, rudi baadaye usome tena chumba kikiwa na joto lilelile.

Kipimo hiki kinakamata ule uvujaji wa maji mafupi, ambao ndo mwingi. Hakikuhakikishii mita 200. Kwa huko unashusha kasha tupu kwanza, na tishu zake ndani, bila elektroniki.

KUTUNZA

Kisuuze kila kikitoka kabla chumvi haijakauka, kikikauka na chumvi ndo unapata zile punje kwenye ufa. Kikiwa hakitumiki mfuniko usikae umekazwa, oringi inachoka hata kabatini. Mi naitoa, naiweka kwenye mfuko wa plastiki gizani, naandika tarehe. Kwa kazi ya kina kirefu au ya miezi mingi naweka mpya kila ninapofunga, ni kitu kidogo sana ukilinganisha na data za miezi sita.

Na ile ya zamani naikata kwa mkasi palepale, maana ikibaki mezani ikiwa nzima kuna siku mtu ataiokota, ataivuta kidogo, ataona inang'aa, aseme hii si bado nzuri.